Kumpiga Picha Mbwa Anayengoja

Niliondoka Kegonga asubuhi moja bila mpango wowote. Msinitazame hivyo. Mambo mengi mazuri niliyofanya katika kazi ya kamera niliyaanza bila kujua ninaenda wapi, na yale niliyoyapanga yote yalinyeshewa. Nilikuwa na mkoba, kamera, betri mbili na soksi zisizo ndugu. Lori la ndizi lilisimama karibu na kibanda nilipokuwa nakunywa chai. Nikamuuliza dereva anaelekea wapi, akasema Sori. Sori sikuwa na mtu, wala mtu wa Sori hakuwa na haja nami. Nikapanda juu ya ndizi.

Siku hizi nimestaafu. Kamera ina kutu kidogo na magoti yangu yana kutu zaidi, kwa sababu nusu ya maisha yangu niliipitisha nimelala kifudifudi mahali ambapo watu wenye akili husimama. Nyinyi vijana mna simu zenye macho matatu mgongoni na bado mnapiga picha za chipsi. Sina ugomvi na chipsi. Lakini juzi kijana wa jirani alinionyesha picha ya mbwa wake, amemwekea masikio ya sungura na kope ndefu za bibi harusi, kisha akaniuliza, "Mzee, si hii iko na filingi?"

Nikamwambia iko na mafua.

Hakupenda. Kwa hiyo namwandikia yeye na wenzake habari ya mbwa mmoja wa Kisegi, ili waone filingi, yaani hisia, hutoka wapi, na namna inavyoweza kukuponyoka huku umeishika kwa mikono miwili.

Kwanza lazima nimtaje Marwa, fundi wangu wa Kegonga. Shule niliiacha mapema. Nilikuwa na maswali mengi, na mwalimu aliyachoka kabla sijayachoka mimi. Marwa hakuyachoka, ila alijibu moja kati ya matano. Studio yake ilikuwa chumba kimoja chenye turubai lililochorwa ndege, na kila mkulima aliyeingia alitoka akiwa amepanda ndege. Siku moja akanituma kumpiga picha mzee mmoja aliyetaka kupigwa na fahali wake. Nilisimama mbali nikawaambia watabasamu. Mzee alitabasamu. Fahali alinitazama kama mtu anayekumbuka jina lako, kisha akaja. Nilipiga picha moja tu, ya mawingu, nikiwa naruka ua.

Marwa alicheka mpaka akakaa chini, halafu akanifundisha mambo mawili ambayo yamenilisha maisha yote. La kwanza, mnyama hapigwi picha na mgeni, kwa hiyo kaa naye mpaka akuone kama kisiki. La pili ninalitoa kama alivyolisema: "Usipige uso. Uso unadanganya, hata wa mbuzi. Angalia mwili unataka kwenda wapi."

Haya, tumefika Sori, lori limeshusha ndizi, nami nimeanza kuwafuata watu waliokuwa wakifuata samaki. Njia hiyo ikanifikisha Kisegi. Mwenye posho mill, mashine ya kusaga unga, akaniruhusu kulala nyuma ya mashine kwa sharti kwamba nimpige picha akiwa na mashine yake, yeye amevaa suti. Kila asubuhi nilitoka pale mweupe kama mzimu, nikashuka ufuoni.

Ufuoni ndipo nilipomwona Kanjo. Mbwa wa rangi ya udongo, sikio moja limechanika, mbwa ambaye hata kumrushia jiwe ungeona uvivu. Wanawake waanikao omena, dagaa wa huko, ndio waliompa jina hilo la askari wa manispaa, kwa sababu kila boti iliyofika aliikagua kutoka mbele hadi nyuma kana kwamba anatafuta leseni. Akimaliza moja, anaiendea nyingine. Boti ya mwisho ikishavutwa mchangani anaitazama sana, kisha anapanda zake kuelekea nyumbani, kichwa chini. Kesho yake anarudi kazini.

Nikauliza anamtafuta nani. Nikaonyeshwa mwanamke aliyekuwa akigeuza omena juu ya nyavu bila kuinua kichwa. Walimwita Nyar Karungu, binti wa Karungu, maana huko mwanamke aliyeolewa huitwa kwa jina la alikotoka. Mumewe, Oduor, alikuwa Remba. Alivuka kwenda kisiwani kufanya kazi ya nyavu kwa muda mfupi, na ule muda mfupi ulikuwa umeota ndevu. Kila alipopigiwa simu alijibu kwamba anakuja. Wanawake wakaniambia kwamba kwa Kiremba neno "nakuja" lina maana ya "habari za mchana".

Mimi ni mtu wa udadisi, siwezi kuona mlango umefungwa nisiuchungulie. Nikamwendea Nyar Karungu nikamwambia nataka kumpiga mbwa wake picha. Akasema si mbwa wake, ni mbwa wa Oduor. Akageuza omena upande mwingine. Halafu akaniuliza picha hiyo itaweza kuonekana na mtu aliye Remba, mwenye simu ya kabambe isiyofungua picha. Nikasema naweza kuisafisha kwenye karatasi na kuipeleka mwenyewe, kwa kuwa sina pengine pa kwenda.

Ndipo akanieleza kilichokuwa kikimkaba. Mvua ilikuwa imeshuka. Majirani wote walikuwa wamepanda mahindi, na mengine yalishaanza kutoa ncha. Shamba lake lilikuwa limelimwa, limekaa jeusi na tupu, kwa sababu kwa desturi ya nyumba yao mwenye boma ndiye anayefungua msimu. Yeye na mkewe hutia mbegu ya kwanza, kisha wengine hufuata. Akitangulia kupanda peke yake, wakwe wangesema ameshamzika mume wake akiwa hai. Asipopanda, mvua ingepita na watoto wangekula maneno ya wakwe. Siku zilizobaki hazikuwa nyingi.

Nikamuuliza kwa nini hamwambii Oduor hivyo hivyo, waziwazi.

"Yeye ndiye alitoka kwa hasira," akasema. "Nikimwita, nimeshindwa. Mimi siwezi kuomba, Japicha. Hiyo mbwa haina aibu. Wacha iombe."

Japicha ni mtu wa picha. Jina hilo lilinishika pale na halijaniachia.

Sasa sikilizeni jinsi mtu mwenye kamera nzuri anavyoweza kuwa mjinga. Asubuhi ya kwanza nilimwita Kanjo kwa jina, nikapiga mluzi, nikapiga magoti mbele yake. Akaja mbio akitikisa mkia na kunilamba lensi. Picha ilitoka ya mbwa mwenye furaha na ulimi mkubwa kuliko ziwa. Mbwa anayetikisa mkia hangoji, huyo amefika. Asubuhi ya pili nilimfunga kamba kwenye kigingi, upande wenye mwanga mzuri, maji yanang'aa nyuma. Akatoka na sura ya mshukiwa anayesubiri kupelekwa kortini. Asubuhi ya tatu nilimshikia omena juu ya kamera ili ainue macho. Aliinua macho, tena kwa unyenyekevu mkubwa, lakini ukiitazama ile picha unajua mara moja kwamba hamngoji mtu, anangoja mlo. Imani ya namna hiyo hata mimi ninayo.

Waanika omena walikuwa wamepata burudani ya bure. Mmoja wao, mnene, mwenye sauti ya kipaza, akasema, "Japicha, mbwa amekukataa. Tukuletee bata? Bata hana maringo." Mwingine akauliza kama ni kweli nimesomea kazi hii au niliokota kamera njiani. Nyar Karungu hakucheka. Alitazama mbingu, na nilijua anahesabu mvua.

Hapo ndipo nilipomkumbuka Marwa na kuona haya. Nikaweka kamera mkobani, nikakaa na wale wanawake, nikageuza omena. Nikaendelea hivyo mpaka nikanuka kama wao, na mpaka Kanjo akapita mbele yangu bila kunitazama, kama unavyopita mbele ya kisiki. Nilianza kumsoma, na haya ninayowaambia sasa muyaandike mahali.

Kungoja hakukai machoni. Macho ya mbwa ni maji mawili, utayajaza chochote unachotaka. Kungoja kuko masikioni na miguuni. Boti ikiwa bado mbali, Kanjo alisimamisha masikio yote mawili, lile zima na lile bovu, na mguu mmoja wa mbele uliinuka kidogo kutoka mchangani kama wa mtu anayetaka kubisha hodi. Huko ni kutumaini. Picha ya kutumaini ni tamu lakini ni ya kalenda. Boti ikishashusha watu, sikio zima lilirudi nyuma huku lile bovu likibaki mbele, na mguu ukabaki hewani, haujui ushuke au uendelee. Pale katikati, kabla mguu haujaamua, ndipo penye hadithi. Pana urefu wa pumzi moja. Ukichelewa unapata mbwa anayekwenda nyumbani.

Jambo jingine. Nilikuwa nikimpiga peke yake, maji nyuma, kana kwamba dunia imeisha. Mbwa aliye peke yake ni mbwa tu. Anayengoja lazima awe na watu wanaoondoka. Kwa hiyo nililala juu ya mchanga ule, kwenye magamba ya samaki na vitu vingine ambavyo sitavitaja kwa sababu huenda mnakula, kamera ikiwa sawa na kifua chake. Nikangoja mpaka boti ya mwisho ishushe, na wanawake wajitwike beseni zao waanze kupanda. Watu wote wanakwenda upande huu, wamempa mgongo. Yeye anatazama upande ule. Mbele ya pua yake nikaacha nafasi kubwa ya maji matupu, karibu nusu ya picha, kwa sababu mtu asiyekuwapo naye anahitaji mahali pa kutokuwapo.

Sikio likarudi. Mguu ukasita. Nikabonyeza.

Nilipomwonyesha Nyar Karungu kwenye kioo cha kamera, alitazama kwa muda mrefu kisha akasema omena zake zimekauka, akaenda kuzikusanya. Hazikuwa zimekauka.

Nikaenda Sindo kuisafisha. Mwenye studio ya huko alikuwa fundi wa kweli, lakini riziki yake yote ilikuwa matanga. Picha kubwa ya marehemu, ile inayotangulia jeneza na baadaye kutundikwa sebuleni, ilitoka kwake kwa eneo lote lile. Nikamwambia nataka kubwa, maana mtu wa Remba ataiangalia mbele ya wenzake na picha ndogo hudharauliwa. Akaniambia kubwa anayo saizi moja na fremu anayo ya aina moja. Akaitia. Nikashukuru nikaondoka. Nilikuwa nimepiga matanga mengi mno maishani, fremu ile nyeusi yenye utepe wa zambarau pembeni niliiona kama unavyoiona sufuria ya nyumbani kwenu. Sikuiona kabisa. Nyar Karungu naye hakuiona, maana aliikuta nimeshaifunga kwa shuka jeupe, shuka la pekee nililokuwa nalo, isirushiwe maji ziwani.

Mtu yeyote wa kule ambaye si mpiga picha angejua ninachokwenda kufanya. Mimi nilipanda boti ya kupeleka mboga Remba, na kwa kuwa chini kulikuwa na maji, nikaibeba fremu wima kifuani, kwa mikono miwili.

Boti ikanyamaza. Mzee mmoja akavua kofia. Kijana aliyekuwa amekalia ubao mzuri akanipisha, na nahodha akakataa nauli yangu kwa ishara ya mkono. Nikafikiri, hawa watu wa Homa Bay wana adabu, walioniambia vinginevyo walikuwa waongo. Mama mmoja Msabato aliyekuwa na magunia ya sukuma wiki akaniuliza polepole ninampelekea nani. Nikasema Oduor wa Kisegi, yule wa nyavu, natoka kwa mkewe. Akafumba macho. Baada ya kitambo akaanzisha wimbo wa dini, wa taratibu, na watu wakaupokea. Nami niliimba. Niliujua ubeti wa pili.

Remba ni mwamba uliovaa mabati. Hakuna mahali pa kuweka mguu pasipokuwa na nyumba, duka, wavu au mtu. Hata hivyo tuliposhuka njia ilifunguka mbele yangu. Kijana mmoja alikuwa ameshakimbia kutangulia. Wanaume walisimama kwenye milango ya hoteli, mtu akazima muziki, na sehemu fulani nyuma ya mabati mwanamke akaanza kupiga nduru. Hapo ndipo nilipoangalia chini na kuona kona ya shuka imefunuka, na utepe wa zambarau unachungulia.

Nilitaka kurudi majini. Lakini nyuma yangu kulikuwa na umati, na mbele yangu, juu ya mtungi wa plastiki uliopinduliwa, alikaa mwanamume mrefu mwenye wavu mapajani. Ile sindano ya kushonea nyavu alikuwa bado ameishika. Hakuinuka.

"Ni Nyar Karungu?" akauliza.

Nikavuta shuka.

Kisiwa kizima kilimtazama mbwa ndani ya fremu ya marehemu. Yule mama Msabato akasogea, akainama, akamwangalia vizuri, kisha akasema kwa sauti ya kawaida, "Hata sio mtu." Kicheko kikaanzia kwa nahodha kikaenda kikizunguka kisiwa. Nilisikia baadaye kuwa nauli yangu aliidai kwa kila aliyenifahamu. Mtu mmoja alilala chini kwenye dagaa. Muziki ukawashwa. Nami nikawa naeleza haraka haraka, hakuna aliyefariki, mke yuko salama, watoto wako salama, hata mbwa yuko salama, ni fremu tu.

Oduor hakucheka. Aliichukua ile picha akaiweka magotini juu ya wavu. Nikangoja aone sikio. Nikangoja aone ule mguu, na migongo ya watu, na maji matupu niliyomwachia. Nilikuwa nimelalia magamba ya samaki kwa ajili ya ule mguu.

"Amenenepa," akasema.

Nikamwambia pengine ni pembe niliyopigia. Ukweli ni kwamba lile tumbo lilikuwa limenisumbua sana. Mbwa wa huzuni hatakiwi kuwa na tumbo, na nilijaribu kulificha kila upande nikashindwa.

"Hapana, ndugu yangu. Amenenepa." Akaweka kidole juu ya tumbo la Kanjo. Kisha akanieleza, kwa sauti ya chini, kwamba ugomvi wao uliomtoa nyumbani ulianzia kwa mbwa huyo. Nyar Karungu alikuwa amesema nyumba haina chakula cha kulisha kitu kisicholima, na aliposema hivyo alikuwa akimtazama Oduor, si mbwa. Aliapa kwamba yeye akiwa hai Kanjo hataonja hata kichwa cha omena kutoka mkononi mwake. Oduor akaondoka akijua mbwa atakufa na kwamba hilo ndilo jibu la mkewe kwake yeye pia.

"Na huyu amekula," akasema. "Kila siku amekula."

Basi, vijana wangu, hiyo ndiyo kazi tuliyoichagua. Mimi nilipiga masikio na mguu, mwenyewe akasoma tumbo. Utajaza picha yako kila ulichokusudia, na mtu ataingia kwa dirisha ulilotaka kuliziba. Kwa hiyo fanyeni kazi ya mguu kwa bidii yote, lakini tumbo msilikate. Hamjui nani anakuja kulitafuta.

Aliniuliza swali moja tu baada ya hapo, kama majirani wamepanda. Nikasema wamepanda na mengine yameota. Akaviringisha wavu wake. Boti ileile ya mboga ilikuwa inarudi Kisegi kabla ya jua kushuka, na Oduor alikuwa ndani yake, fremu kifuani, watu wakimwambia pole kwa msiba wa mbwa na yeye akiwaambia ahsante. Wauza mboga waliniletea habari baadaye. Kanjo alimnusa mfuko kwanza, mtu baadaye. Nyar Karungu alimwona akipanda kutoka ufuoni, akaingia ndani bila salamu, akatoka na majembe mawili. Mahindi yao yaliota mwisho kuliko ya wote, lakini yaliota.

Mimi nilibaki pale na mkoba wangu, bila picha na bila shuka, kwa sababu shuka nalo lilikuwa limeondoka na fremu. Oduor alikuwa ameniachia ufunguo wa chumba chake. Nikakitafuta nikiuliza, na kila niliyemuuliza alijua mimi ni nani, hata watoto walibweka nikipita. Chumba kilikuwa cha mabati, kipana kama mkeka, na kitanda kilikuwa na shimo la mtu mrefu kuliko mimi. Mwenye nyumba, mama wa makamo aliyekuwa akikaanga mandazi mlangoni, alitazama ufunguo mkononi mwangu, kisha akanitazama mimi. Akauliza nitakaa muda gani. Nikasema sijui. Akasema hilo ndilo alilosema Oduor.

Halafu akageuza mandazi, akauliza mimi kwetu nani ananingoja.

Nikafikiri kwa uaminifu. Nikamwambia, hata kuku.

"Basi unalipa kwanza," akasema. "Mtu anayengojwa, akitoroka najua mahali pa kumtafuta. Wewe nitakutafutia wapi?"

Nikalipa. Akanipa andazi moja la moto, akanionyesha mahali pa kuchota maji, nami nikaingia ndani, nikajilaza katika lile shimo la Oduor.